Kaunta buku ya picha

Mzee aliyenifundisha kushika brashi alifariki mwaka wa 2009. Tulipokuwa tukipanga mazishi, wanawe waliniomba nikusanye picha zake zitundikwe kwenye hema siku ya ibada, ili waumini na majirani wajue kwamba baba yao hakuwa mwandishi wa mabango ya vioski tu. Nilikubali papo hapo. Nilikuwa nimemjua kwa miaka 17. Nilimwona akichora ng'ombe wakivuka mto kijijini kwao, akina mama wa Gikomba wakifungua marobota ya mitumba, harusi, mashabiki wa mpira wakirudi mtaani wakiimba huku wananing'inia kwenye mlango wa matatu. Kwa hesabu ya kichwani, picha hizo hazikuwa chini ya 100.

Nilizunguka Nairobi siku nne. Tulipata tisa.

Mjane wake, ambaye sisi tuliofunzwa na mzee tunamwita Mama, aliketi kitandani na leso mapajani, akanitajia zilikokwenda. Moja alipewa daktari aliyemtibu kitinda mimba. Mbili zilipelekwa shuleni badala ya karo. Tatu zilichukuliwa na mgeni mmoja aliyefanya kazi na shirika, mwaka ambao Mama hakuukumbuka, na jina la mgeni nalo lilikuwa limempotea. Halafu kulikuwa na nyingine, na hapo Mama alinyamaza kidogo, ambazo mzee mwenyewe alizipaka rangi nyeupe akachora upya juu yake, kwa kuwa pesa za kitambaa hazikuwapo. Niliyaandika yote nyuma ya kijitabu cha mazishi. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, imekunjwa ndani ya jalada la kaunta buku ninayotaka kuwasimulia.

Nilikuja Nairobi mwaka wa 1992 baada ya kidato cha nne, nikakaa kwa mama mdogo Kariobangi. Aliuza mboga hatua chache kutoka kibanda cha mzee, na siku moja akamwambia, "Mzee, huyu msichana amechora kila karatasi iliyo ndani ya nyumba yangu. Hebu muangalie." Mzee hakuomba kuona michoro yangu. Alinipa msasa na kipande cha bati lenye kutu. Nilisugua kutu wiki mbili kabla hajaniruhusu kugusa rangi.

Kazi ya mabango ina mambo yake ambayo mtu anayepita njiani hayaoni. Tulikuwa na uzi mrefu tuliousugua chaki mpaka ukawa mweupe. Mimi nilishika ncha moja ukutani, yeye akaishika nyingine, akauvuta katikati kwa vidole viwili na kuuachilia. Uzi ulipiga ukuta, ta! ukaacha mstari wa vumbi ulionyooka kuliko wa rula. Herufi zilikaa juu ya mstari huo. Mkono wa kuume uliegemea fimbo nyembamba iliyofungwa kitambaa kwenye ncha, usitetemeke. Na herufi S ndiyo iliyompambanua fundi na mbabaishaji. Tumbo lake la juu sharti liwe dogo kidogo kuliko la chini, la sivyo neno zima linaonekana kama linaanguka. Akimaliza S kwenye bango la bati, mzee aliligeuza juu chini akalitazama. "Ukiigeuza ikaelemewa kichwani, hiyo ni S nzuri," aliniambia. Hadi leo siwezi kupita mbele ya duka bila kuzikagua S zake.

Hakuweka jina lake kwenye bango hata moja. Bango ni la mwenye duka, alisema, na kwa hilo sikuwa na neno. Lakini tabia hiyo ilimfuata hadi kwenye picha zake mwenyewe, zile alizochora Jumapili alasiri na usiku kwa taa ya chemli. Kwenye pembe aliweka herufi mbili ndogo za majina yake, basi. Nilipomuuliza mbona haandiki tarehe, alinijibu, "Picha si maziwa ya paketi, tarehe ya nini?" Nami nikaona ni neno la hekima. Nikamuiga.

Jumamosi alinituma mjini, Biashara Street, kununua amerikani. Hilo ndilo lililokuwa kimbilio letu sisi tusioweza kununua kitambaa kilichotayarishwa cha dukani: pamba ngumu isiyopaushwa, unapimiwa kwa mita, unapigilia misumari kwenye fremu ya mbao uliyoungiwa na seremala wa mtaani. Kutoka Biashara hadi Standard Street si mbali, na Standard Street ndiko ilikokuwa Gallery Watatu, nyumba ya kuonyesha na kuuza picha. Iliitwa hivyo kwa sababu iliasisiwa na wasanii watatu mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilipoanza kupita pale ilikuwa mikononi mwa Ruth Schaffner, na kila mchoraji asiyesomea chuoni alijua kwamba mlango ule haukuulizia cheti. Mara ya kwanza nilisimama nje nikiwa nimekumbatia bunda la amerikani kama mtoto mchanga. Mara ya pili niliingia.

Ndani nilikutana na ng'ombe wa Jak Katarikawe. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimezoea ng'ombe wa kwenye bango la buchari, mwekundu, ubavuni mwake pameandikwa bei. Hawa walitazamana kama wachumba. Rangi zilikuwa laini, zimeyeyushana, kama kitu unachokiota alfajiri ukiwa bado unasikia majogoo. Nilielezwa kwamba mwenye kazi ile alitoka Kigezi, Uganda, kwamba aliwahi kuwa dereva Kampala kabla uchoraji haujamlisha, na kwamba sasa anaishi hapa hapa Nairobi. Aliishi hapa mpaka alipofariki mwaka wa 2018. Kwangu mimi, msichana wa kusugua kutu, habari ya dereva aliyegeuka mchoraji ilikuwa na uzito kuliko mahubiri yoyote. Nilirudi Kariobangi kwa miguu ili nipate muda wa kuifikiria.

Kando ya kila picha kulikuwa na kibandiko kidogo: jina la mchoraji, jina la picha, rangi iliyotumika. Nilikiona. Nikadhani ni mapambo ya watu wa mjini.

Mwaka wa 1995 niliuza picha yangu ya kwanza, shilingi 1,500, kwa mwalimu mmoja wa South B. Ilikuwa mama aliyebeba jerikeni mgongoni kwa kamba ya kichwani. Miaka minne baadaye yule mwalimu alinitafuta akaileta imefungwa kwenye shuka. Kitambaa kilikuwa kimenyonya mafuta yote ya rangi, doa la hudhurungi limetambaa kuuzunguka mwili wa yule mama, na uso wake umebaki mkavu kama uji uliogandia sufuria. Kwenye pembe za fremu amerikani ilianza kukatika. Mwalimu hakuja kwa ugomvi. Alitaka tu nimtengenezee. Akaniuliza, "Ulitumia rangi gani, na uliichora lini?" Nikasimama mbele yake sina jibu. Wakati ule nilikuwa nimechora kwa rangi za mafuta za aina tatu tofauti, nyingine za mikebe ya mabango, na sikujua ipi iliingia wapi.

Kosa lenyewe nililifahamu baadaye: mafuta hayagusi pamba tupu. Amerikani inataka kwanza inyweshwe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, ipakwe rangi nyeupe ya maji mara mbili, isuguliwe kwa msasa mwembamba, ndipo uchore. Ni kazi ya siku mbili. Mzee hakunifundisha kwa sababu bati na mbao hazina haja hiyo, na yeye mwenyewe alichora juu ya amerikani kama anavyochora juu ya bati. Nadhani baadhi ya zile 100 zilimalizwa na mafuta yake mwenyewe. Huniuma kulisema hilo, lakini ni kweli.

Mwaka huo huo wa 1999 nilipeleka picha 12 kwenye gallery moja ndogo upande wa Westlands. Nilizipeleka mali kauli: wao watundike, zikiuzwa tugawane nusu kwa nusu, zisipouzwa nizichukue. Hatukuandikiana. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mazuri, akaninunulia chai na mandazi, nami nikaona aibu kudai karatasi kwa mtu aliyenikirimu. Mbili ziliuzwa, nikalipwa. Baadaye nikawa naambiwa biashara imelala, njoo mwezi ujao. Kisha siku moja nikakuta mafundi wanapiga rangi ya kijani, pamegeuka duka la viatu. Mlinzi alinionea huruma. "Mama, hao walihama usiku."

Picha kumi. Nilikwenda kituo cha polisi. Afisa aliniuliza zina ukubwa gani, zina nini ndani yake, kila moja thamani yake ni ngapi, na je, nina picha zake za kamera. Nilieleza saba. Tatu nilishindwa kabisa kuzikumbuka, kazi za mikono yangu mwenyewe. Afisa aliacha kuandika, akafunika kalamu yake taratibu.

Ningekuwa nimejifunza tangu mapema zaidi. Mwaka wa 1996 mzee alinipeleka kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kule Ridgeways, nje kidogo ya Kiambu Road, mahali alipopaanzisha Elimo Njau na wenzake mwaka wa 1965. Njau ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro, na kwa wachoraji wa rika la mzee wangu alikuwa kama mlima wenyewe. Tulishinda pale kutwa, chini ya miti, tukitazama picha na vinyago kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Desemba ya 1997 moto ukapateketeza. Nakumbuka mzee aliposikia aliweka brashi chini ikiwa imejaa rangi, jambo ambalo angenichapa nalo kichwani kama ningelifanya mimi, akakaa juu ya debe. Alikuwa akikumbuka picha moja moja kwa sauti. "Ile ya wavuvi... ile ya mwanamke mwenye kinu..." Alizitaja mpaka zikamwishia. Nami niliketi pale nikimsikiliza, na wazo la kuandika alichokuwa akitaja halikunijia. Kalamu ilikuwa sikioni.

Miaka mingi baadaye nilipanda matatu hadi Murang'a kuziona zile picha tano za ukutani alizozimaliza Njau mwaka wa 1959 ndani ya kanisa la kumbukumbu. Yesu anazaliwa, anabatizwa, anakula na wanafunzi wake, anaomba, anasulubiwa, na watu wote ni Waafrika, katikati ya miteremko ile ile uliyoiona dirishani ukija. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya saa mbili. Pamoja na uzuri wake, kuna jambo jingine lililonifariji: hizi hakuna atakayeziulizia ziko wapi. Ziko Murang'a. Sisi wa vitambaa na fremu hatuna bahati hiyo. Kazi zetu hutembea.

Basi baada ya mazishi ya 2009 nilinunua kaunta buku, nyeusi, mgongo mwekundu, na usiku ule ule nikaandika ukurasa wa kwanza. Upande wa kulia picha zangu, na kwa kuigeuza, kuanzia nyuma, picha za mzee. Kila picha ina namba isiyorudiwa. Jina lake. Ukubwa kwa sentimita, urefu wa kwenda juu kwanza, kisha upana, maana ukichanganya hapo picha ya kusimama inageuka ya kulala. Kitambaa kimetayarishwa vipi. Rangi gani, mpaka aina ya mkebe. Siku niliyoimaliza. Aliye nayo, na alilipa kiasi gani au alinipa nini badala yake. Nikipeleka mahali mali kauli, mwenye kupokea anatia sahihi kwenye mstari wa picha hiyo, chai tutakunywa baadaye. Wapo walionuna. Mmoja alinirudishia picha zangu akasema simwamini. Nilimjibu kwa heshima kwamba ni kweli, kisha nikapanda basi na picha zangu zote.

Namba hiyo hiyo naiandika nyuma ya picha, na hapa nina onyo kwa vijana. Nilianza kwa kalamu ya wino mzito kwa sababu inaonekana vizuri. Picha namba 14, anga ya asubuhi juu ya Dandora, nilikuwa nimeisumbukia miezi miwili. Baada ya wiki chache wino ukapenya amerikani, ukajitokeza mbele: "41" iliyogeuka, kijivu, katikati ya mawingu. Niliipaka juu mara tatu, ikarudi mara tatu. Tangu hapo naandika kwa penseli, kwenye mbao ya fremu, si kwenye kitambaa. Na nikilazimika kuitoa picha kwenye fremu niisafirishe, naikunja kwenye bomba nene la plastiki, upande wa rangi ukitazama nje. Watu hukunja rangi ndani wakidhani wanailinda, kumbe wanaibana ipasuke.

Mwaka wa 2016 nilitumiwa picha kwa simu na kijana tuliyefanya naye warsha. "Mama, hii si mkono wako?" Ilikuwa moja ya zile kumi, vijana wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mwembe. Ilikuwa imetundikwa katika nyumba moja Karen. Mwenye nyumba alikuwa ameinunua kwa mtu, aliyeinunua kwa mtu, na hakuwa na kosa lolote. Alinikaribisha. Niliigusa fremu yake, mbao ya seremala wangu wa Kariobangi yenye misumari iliyopinda, nikaomba ruhusa niipime. Sasa ni namba 31. Penye "mwaka" nimeandika "kabla ya 1999", na hilo linanikera kila ninapofungua ukurasa huo.

Siku hizi jambo hili limekuwa na sura ya pesa pia. Tangu gallery ya Circle Art waanze mnada wao wa picha hapa Nairobi mwaka wa 2013, kazi za zamani zinatoka vyumbani mwa watu na kuuzwa upya kwa bei ambazo mzee wangu asingeziamini. Na mabadiliko ya sheria ya hakimiliki ya mwaka wa 2019 yanampa mchoraji asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Nimewasikia wenzangu wakiishangilia sheria hiyo, nami naishangilia. Lakini utaidai vipi asilimia 5 ya picha usiyoweza kuthibitisha uliichora lini, ina ukubwa gani, na iliondoka mikononi mwako kwa njia gani?

Mwaka wa 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute) ilifungua milango yake kwa maonyesho ya kazi za Sane Wadu. Wengi wanajua habari yake: mwalimu aliyeacha kazi akachora, akapaka rangi mpaka nguo zake, watu wakasema amerukwa na akili, naye akajiita Sane. Nilipanda ngazi nikiwa na Mama, mjane wa mzee, nimemshika mkono. Kulikuwa na kazi za miongo kadhaa ukutani, za ujana hadi za utu uzima, unatembea hatua kumi unaona mtu akibadilika mbele ya macho yako. Mama alikuwa akisoma vibandiko kimoja kimoja, mwaka, mwaka, mwaka. Tulipofika mwisho aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na wake tungeweza?" Sikumdanganya. Nilimwambia tumefikisha 37, na ninaendelea.

Mwezi uliopita nilirudi Kariobangi kumwona mama mdogo. Nyuma ya soko kuna kinyozi ambaye ukuta wake ulikuwa umepakwa rangi ya tangazo la kampuni ya simu, tabaka nene. Mvua ya mwaka huu imeibandua. Chini yake zimetokeza herufi nyekundu zenye kivuli cheupe: KINYOZI SAFI. Nilisimama katikati ya njia mpaka boda boda ikanipigia honi. Ile S. Tumbo dogo juu, kubwa chini.

Nilitoa kipimo changu mfukoni. Kijana mwenye kinyozi alitoka na kitana mkononi, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Mama, mnapima ya nini? Mnabomoa?"

"Hapana mwanangu. Shika hapa."

Alishika ncha moja, nami nikatembea hadi mwisho wa neno. Kisha nikaketi kwenye kiti chake cha wateja, nikaigeuza kaunta buku, nikaandika:

Namba 38. Bango la ukutani, "Kinyozi Safi". Sentimita 46 kwa 310. Rangi ya mafuta, nyekundu na nyeupe, juu ya plasta. Kariobangi. Haikuuzwa. Mwaka: 1993, baada ya Pasaka. Nilikuwapo, nilishika uzi.